Nguvu za Kiume Zimepungua Tangu Uanze Dawa? Jinsi ya Kutambua Chanzo Bila Kuhatarisha Moyo Wako

Kosa ni lile lile. Mwanamume anaanzishiwa tembe za presha, wiki chache baadaye uume unaanza kulegea, rafiki wa maskani anamwambia "ni hizo dawa, ziache", naye anaziacha siku hiyo hiyo bila kumwambia mtu. Presha inapanda kimya kimya. Mwengine haachi tembe, ila ananunua asali ya nguvu barabarani asijue imetiwa nini ndani. Wote wawili walikuwa na swali la haki. Walilijibu kwa njia ya hatari.

Maswali yanayonifikia kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe hapa Mombasa yanaonyesha kwamba watu wengi washajua dawa na vileo vinaweza kupunguza nguvu za kiume. Wanapokwama ni palepale: ni dawa ipi hasa, na utaibadilisha vipi bila kujidhuru? Kazi hii huchukua miezi miwili hivi, wakati mwengine mitatu. Haitaki pesa nyingi. Inataka ukweli na subira.

## Utakavyohitaji

- Daftari dogo na kalamu. Simu pia yafaa, lakini karatasi ni rahisi kumpa daktari mkononi.
- Kitabu chako cha kliniki, hata kama kimechakaa.
- Kila dawa unayotumia, pamoja na pakiti yake.
- Mashine ya kupimia presha, au kituo cha karibu unapoweza kupimwa mara mbili kwa wiki.
- Mkeo, ikiwa mnaweza kulizungumza. Anakumbuka tarehe ambazo wewe umezisahau.

## Wasiopaswa kungoja

Ukipata maumivu au kubanwa kifua, au pumzi inakatika kwa kupanda ngazi chache tu, nenda hospitali leo. Vivyo hivyo ikiwa uume umesimama zaidi ya saa nne na haulali, au umeingiwa na ganzi katikati ya mapaja na mkojo hautoki. Hayo ni ya kitengo cha dharura, hospitali kuu ya Pwani kule Makadara au hospitali yoyote iliyo karibu nawe. Daftari litangoja.

## Hatua ya 1: Weka kila kitu mezani

Toa dawa zote: za daktari, za mafua, za tumbo, za maumivu ya mgongo, za usingizi, unga wa gym, majani na mizizi ya kuchemsha. Usiache kitu kwa kudhani "hiki si dawa". Dawa ya mafua uliyonunua dukani bila cheti imo. Sindano ya kutunisha misuli imo.

Sasa geuza karatasi ya fedha iliyo nyuma ya tembe. Jina kubwa mara nyingi ni la kampuni. Linalotakikana liko chini yake, kwa herufi ndogo. Chukua mfano wa tembe ya presha inayotumika sana: mstari wa kwanza umeandikwa Losartan Potassium 50 mg, na wa pili Hydrochlorothiazide 12.5 mg. Hiyo ni tembe moja yenye dawa mbili. Losartan kwa kawaida haileti shida hii. Hydrochlorothiazide imo kwenye orodha ya washukiwa. Aliyesoma mstari wa kwanza peke yake ataapa kwamba dawa yake ni safi.

Shida nyengine ni tembe za kukatwa. Duka la dawa likikukatia kipande cha tembe tano, jina huishia kwenye kipande kilichobaki dukani. Ukipewa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1x2" tu, rudi uombe waandike jina na kipimo. Ni haki yako kujua unameza nini.

Majina ya dawa nimeyaacha jinsi yanavyochapishwa kwenye pakiti, ili uyalinganishe herufi kwa herufi.

Umefaulu ikiwa: kila kitu mezani kina jina halisi, kipimo, na saa unayokitumia.

## Hatua ya 2: Panga tarehe

Chora mstari kwenye ukurasa mmoja. Juu yake andika mwezi ulioanza kila dawa, na mwezi ulioongezewa kipimo. Chini yake andika lini nguvu zilianza kupungua, na kama zilikwisha ghafla au kidogo kidogo.

Shida inayoletwa na dawa mara nyingi hujitokeza ndani ya siku au wiki chache tangu dawa kuanza au kuongezwa. Ikiwa ulianza kudhoofika miaka miwili kabla ya tembe ya kwanza, usimsingizie asiyehusika. Hapo chunguza sukari, mishipa ya damu na homoni.

Kwa wanaofunga, weka alama mwezi wa Ramadhani. Wengi huhamishia dawa kwenye futari na daku, na wengine huruka dozi. Ukiona mabadiliko katika mwezi huo, yanaweza kuwa ya dawa, ya usingizi uliokatika, au ya chakula cha usiku.

Kisha jibu maswali matatu kando kando, maana ni mambo matatu tofauti:

Hamu ipo? Uume unasimama na kubaki imara? Shahawa zinatoka kama zamani?

Watu huyachanganya haya, na daktari akachanganyikiwa nao. Anayetumia tamsulosin kwa ajili ya tezi dume anaweza kusimamisha vizuri kabisa ila shahawa zisitoke, au zitoke kidogo sana. Hilo si kukosa nguvu. Anayetumia fluoxetine au sertraline anaweza kuchelewa mno kufika kileleni, au asifike kabisa, huku hamu nayo ikififia.

Andika pia kama uume husimama wenyewe alfajiri. Ukisimama vizuri alfajiri lakini unagoma mbele ya mkeo, mishipa na neva zinafanya kazi, na pengine kinachokusumbua ni wasiwasi, uchovu au ugomvi wa nyumbani. Usiposimama hata alfajiri kwa wiki kadhaa, sababu ya kimwili, dawa zikiwemo, inapata uzito.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyekujua anaweza kusoma ukurasa huo akaelewa kilichotangulia ni kipi.

## Hatua ya 3: Linganisha dawa na orodha ya washukiwa

Kabla hujaisoma orodha, jua jambo moja. Mwaka 2003 watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa wa moyo 96 dawa ya atenolol. Wasioambiwa ni dawa gani, waliopata shida ya nguvu za kiume walikuwa takriban 3 kwa kila 100. Walioambiwa jina la dawa pamoja na kwamba inaweza kupunguza nguvu, walifika 31 kwa kila 100. Dawa ni ile ile. Hofu peke yake iliongeza idadi karibu mara kumi. Kwa hivyo, jina la dawa yako kuwemo hapa chini si hukumu. Ni sababu ya kuuliza.

### Dawa za presha na moyo

Hapa ndipo wengi walipo, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Zinazoshukiwa zaidi ni dawa za kukojoza maji za kundi la hydrochlorothiazide na chlorthalidone, na dawa za kupunguza mapigo ya moyo hasa zile za zamani, atenolol na propranolol. Methyldopa na clonidine, zinazofanyia kazi kwenye ubongo, zimo. Spironolactone huzuia homoni ya kiume, na dalili ya kukuamsha ni matiti kuvimba au kuuma. Digoxin pia imo.

Ambazo kwa kawaida hazileti shida hii: losartan na ndugu zake, enalapril na ndugu zake, amlodipine na nifedipine. Nebivolol, ingawa ni ya kundi la atenolol, huonekana kuwa na nafuu kwa sababu inasaidia mishipa kutanuka.

Hii ndiyo sababu naumia nikisikia mtu ameacha matibabu kabisa. Dawa mbadala ziko, tena nyingi si za bei ya kutisha. Na presha yenyewe isipotibiwa huharibu ile ile mishipa midogo inayojaza uume damu. Mshipa wa uume una upana wa milimita 1 hadi 2, wa moyo 3 hadi 4. Mdogo huziba kwanza. Ndiyo maana nguvu za kiume kupungua zinaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa.

### Dawa za akili, usingizi na kifafa

Dawa za huzuni na wasiwasi: fluoxetine, sertraline, paroxetine, amitriptyline. Dawa za maradhi makubwa ya akili: haloperidol, chlorpromazine, risperidone. Hizi huweza kupandisha homoni ya prolaktini, ambayo hushusha hamu na nguvu, na kuna kipimo chake cha damu. Diazepam na jamii yake zimo, pamoja na carbamazepine na phenytoin za kifafa.

### Tezi dume, nywele, na saratani

Finasteride na dutasteride hupunguza nguvu ya homoni ya kiume. Vijana wanaotumia finasteride kwa kipara mara nyingi hawaisemi kliniki kwa sababu hawaihesabu kama dawa. Ihesabu. Dawa za saratani ya tezi dume kama goserelin na bicalutamide huzima homoni kwa makusudi, na ndivyo zinavyotibu. Hizo hazibadilishwi bila mtaalamu wako wa saratani.

### Zinazosahaulika

Tramadol, codeine na morphine zikitumiwa kwa muda mrefu hushusha testosteroni, ile homoni ya kiume. Cimetidine na metoclopramide za tumbo. Chlorpheniramine ya mafua na mzio. Ketoconazole ya kumeza. Na sindano za misuli za gym: mwili ukipewa homoni kutoka nje, makende hulala. Ukiacha, unaweza kukaa miezi bila nguvu, na mbegu zikapungua sana.

Umefaulu ikiwa: una dawa moja hadi tatu ulizozipigia mstari, na kila moja ina tarehe inayolingana na shida.

Onyo kubwa: usiache hata moja hapa. Kuacha atenolol au propranolol ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata mshtuko wa moyo. Kuacha clonidine ghafla hurusha presha juu. Kuacha dawa za kifafa huleta kifafa. Kazi ya hatua hii ni kupiga mstari tu.

## Hatua ya 4: Andika vya maskani, bila kujificha

Ukurasa huu ni wako na daktari. Andika kiasi halisi.

Sigara, ugoro, shisha. Nikotini hubana mishipa ya damu, na moshi huiharibu ndani kwa miaka. Kenya ilipiga marufuku shisha mwaka 2017, lakini tunajua bado inavutwa. Kikao kimoja cha shisha huchukua muda mrefu, na moshi unaoingia ni mwingi kupita wa sigara moja.

Pombe, mnazi, chang'aa. Kidogo huondoa haya, nyingi huzima neva zinazosimamisha uume usiku ule ule. Miaka ya kunywa sana huharibu ini na kushusha testosteroni. Mnazi ni pombe vilevile, hata ukitoka kwa mgema unayemwamini.

Miraa na muguka. Kathinoni iliyomo huchangamsha, hupandisha presha, hubana mishipa na kufukuza usingizi. Mwaka 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitangaza marufuku ya muguka Mombasa na suala likaishia kortini. Siasa zake tuziache. Kinachotuhusu ni mkururo: mtu anatafuna hadi usiku wa manane, anavuta sigara pakiti nzima juu yake, kisha anatafuta pombe au bugizi (tembe za usingizi za mitaani) ili alale. Ukimwuliza, atasema shida ni muguka. Kumbe ni vitu vinne.

Bangi. Kwa anayevuta kila siku, iandike kama mshukiwa.

Bugizi na unga. Tembe za bugizi ni za jamii ya diazepam. Heroini hushusha testosteroni vibaya. Ikiwa uko kwenye methadoni, dawa ya kukusaidia kuacha heroini, nayo inaweza kupunguza nguvu, lakini usiiache. Waambie kliniki yako, wanaweza kupima homoni na kuangalia kipimo. Methadoni inakuweka hai.

Kinachoweza kuachwa bila hatari, kiache kwa wiki nne kuanzia leo: sigara, shisha, muguka, bangi. Utakuwa na hasira na usingizi utavurugika siku za mwanzo, na hiyo hupita.

Onyo: ikiwa unakunywa sana kila siku, au unameza bugizi kila siku, usikate ghafla ukiwa nyumbani. Kutetemeka, kuchanganyikiwa na degedege vinaweza kuua. Hapo unaacha ukisimamiwa na hospitali.

## Hatua ya 5: Wiki mbili za kumbukumbu

Kila asubuhi mstari mmoja: presha ikiwa umepima, saa ulizolala, kama uume ulisimama alfajiri, na ulichotumia jana. Jioni ongeza kama kulikuwa na tendo na lilikwendaje. Endelea kumeza dawa zako kama ulivyoandikiwa.

Pima presha ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Ukipima umetoka kukimbilia feri, namba hiyo haina maana.

Umefaulu ikiwa: una angalau siku kumi zilizojazwa. Pengo la siku mbili tatu si neno.

## Hatua ya 6: Peleka karatasi kwa aliyekuandikia dawa

Wanaume wengi huvunjika moyo hapa. Chumba kina watu watatu, mlango uko wazi, na aliyekaa mezani ni binti wa umri wa mwanao. Unasema umekuja kwa ajili ya mgongo, unaandikiwa dawa ya maumivu, unarudi nyumbani na tatizo lako pamoja na tembe moja zaidi.

Usianze kwa maelezo marefu. Mpe ile karatasi imekunjwa, na useme: "Daktari, nina jambo la faragha, nimeliandika hapa." Mara nyingi atasoma na kufunga mlango mwenyewe. Ukitaka kuongezea, sema: "Tangu niongezewe dawa hii mwezi wa pili, nguvu zangu zimepungua. Sijaiacha. Naomba tuangalie kama kuna nyengine." Yale maneno "sijaiacha" yanamwambia kwamba unashirikiana naye, na presha aliyoipima leo ni ya kweli.

Ukijisikia vibaya kuongea na mwanamke, omba mwanamume kwa heshima. Hakuna ubaya. Lakini usikubali kuondoka bila kusema.

Omba vipimo hivi kama havijafanywa karibuni: sukari, mafuta kwenye damu, figo, na testosteroni. Testosteroni hupimwa asubuhi, kati ya saa moja na saa tano, kwa sababu hushuka kadiri siku inavyokwenda. Ikitoka chini, irudiwe siku nyengine kabla ya kuanza matibabu yoyote. Wanaotumia haloperidol au risperidone waulize pia kipimo cha prolaktini.

Umefaulu ikiwa: umetoka na mpango ulioandikwa: ni dawa gani inabadilika, lini, na unarudi tarehe ngapi.

## Hatua ya 7: Badilisha kimoja, kisha ngoja

Daktari anaweza kushusha kipimo, kubadilisha dawa, kuhamisha saa ya kumeza, au kuiacha ilivyo na kukuongezea dawa ya kusimamisha uume. Lolote mtakaloamua, liwe moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha tembe ya presha na kuacha sigara wiki ile ile, nguvu zikirudi hutajua cha kushukuru. (Sigara hata hivyo usiirudie.)

Kwa dawa za presha toa wiki nne hadi nane. Dawa za akili zinaweza kuchukua zaidi kwa sababu hupunguzwa polepole. Anza kutazama alfajiri: dalili ya kwanza ya kupona mara nyingi huonekana pale, kabla ya kitandani na mkeo. Presha nayo ibaki ilipotakiwa. Nguvu zikirudi huku presha ikipanda, mpango haujakamilika, rudi.

Daktari akikuandikia sildenafil au tadalafil, mwambie mambo matatu hata asipouliza. Kwanza, kama una dawa ya kifua ya kundi la nitrate, mfano glyceryl trinitrate ya kuweka chini ya ulimi, au isosorbide. Mchanganyiko huo unaweza kushusha presha hadi kuua, na ni marufuku. Pili, kama unatumia tamsulosin, prazosin au jamii yake. Tatu, kama dawa zako za virusi vya UKIMWI zina ritonavir, kwa sababu hufanya sildenafil kukaa kwa wingi mno mwilini, na kipimo hupunguzwa sana.

Ukishikwa na maumivu ya kifua baada ya kutumia moja ya tembe hizi, waambie wa dharura ulichomeza na saa uliyomeza. Hawatakupa nitrate kwa saa 24 baada ya sildenafil, na saa 48 baada ya tadalafil. Kuona haya hapo kunaweza kukugharimu maisha.

Na zile asali, kahawa na vumbi vya nguvu? Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuhusu asali za nguvu zilizopimwa zikakutwa na sildenafil na tadalafil, ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Yaani unaweza kumeza tembe ile ile unayoikwepa, bila kujua kipimo, juu ya dawa yako ya moyo. "Ni ya asili" iliyochapishwa kwenye pakiti haikuhakikishii chochote.

## Kama miezi mitatu imepita na hakuna kilichobadilika

Basi huenda dawa haikuwa chanzo, au si yeye peke yake. Rudi na daftari, omba kupelekwa kwa daktari wa mfumo wa mkojo, na kama sukari yako imekuwa juu, anza na hiyo. Muulize pia daktari kama moyo wako unahitaji kuchunguzwa, hasa ukiwa umepita miaka 40, unavuta sigara au una presha. Dawa iliyokuwa mshukiwa na ikathibitika haina kosa, itie alama kwenye karatasi yako, ili daktari atakayekuona baadaye asianze kuibadilisha upya.